Je wajua kwa nini tovuti moja inakaa juu Google na nyingine inazama?

Kuna kaka mmoja anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, alinifata akiwa kanuna. Kila akiandika "dagaa wa Mwanza bei ya jumla" kwenye Google anakutana na wenzake, yeye mpaka ufike peji ya sita huko ambako hakuna mtu anafika. Na ashatoa laki tatu kwa jamaa aliyemuahidi linki elfu tano ndani ya wiki moja, yani tovuti nyingine ziweke maandishi ambayo ukibonyeza unafika kwake. Linki alipata kweli, nimezifungua baadhi, ni tovuti za kamari na zingine lugha zake hata sizijui, na tovuti ya dagaa haikusogea popote. Iliniuma sana maana hela ya dagaa ni ya jasho, nikamkalisha nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, na naandika hapa kwa sababu najua wako wengi wameuziwa hichohicho.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 90 mitambo ya kutafuta ilitegemea sana kuhesabu maneno, kwaiyo ukirudia "dagaa" mara mia kwenye peji yako unapanda, watu wakawa wanajaza maneno ya rangi nyeupe juu ya nyeupe, msomaji haoni kitu ila kompyuta inasoma. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa chuo cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, wakaangalia wasomi wanavyopimana: utafiti unaotajwa na watafiti wengine wengi ndo unahesabika una uzito. Wakasema linki nayo si ni kutajwa tu? Mradi wao wa kwanza waliuita BackRub kwa sababu ulikuwa unafatilia linki zinazokuja kwenye peji kutoka kwingine, hizi tunazoita baklinki. 1998 ikawa kampuni ya Google na hesabu yenyewe ikaitwa PageRank.

Hesabu yenyewe iko hivi, na hapa ndo watu wengi wanapotelea. Chukulia mtu anazurura mtandaoni bila mpango, anabonyeza linki yoyote anayoiona, mara moja moja anachoka anaruka peji nyingine kabisa (kwenye maandiko yao ya 1998 walikadiria asilimia 85 anafata linki, 15 anaruka). Ukimwacha azurure muda mrefu, peji anayojikuta yupo mara nyingi ndo yenye uzito. Sasa ona linatokea nini: linki kutoka kwenye peji ambayo hakuna anayepita haikuletei mtu, na peji yenye uzito ikitaja watu mia, uzito wake unagawanywa kwa hao mia. Kwaiyo elfu tano za yule jamaa ni sawa na kugawiwa kitu kutoka kwenye sahani tupu. Linki moja ya gazeti linalosomwa, au ya chuo kama SAUT pale Malimbe, inaweza ikazipita zote.

Nenda stendi ya Nyegezi asubuhi utaelewa zaidi. Mpiga debe atakwambia basi hili ndo zuri kuliko yote, halina kusimama, linaondoka sasa hivi, na wewe unajua kabisa kalipwa kusema hivyo, kwaiyo maneno yake hayakusogezi. Ila mama uliyekaa naye jirani akikwambia "mwanangu mimi napanda hili kila mwezi, panda hili", unapanda. Google nayo imejifunza kumtambua mpiga debe. Mwaka 2005 wao na Yahoo na MSN, mitambo mingine ya kutafuta, walikubaliana alama ya kuweka kwenye linki inayosema huyu simdhamini, ndo maana kubandika linki yako kwenye komenti za watu hakukusaidii sana. Aprili 2012 wakaleta Penguin, jina la mabadiliko ya mfumo wao ya kukamata linki za hila, tovuti zilizonunua linki zikaporomoka, wengine biashara zao zilikufa kabisa. Kuanzia 2016 Penguin iko ndani ya mfumo wenyewe na linki za hovyo mara nyingi zinapuuzwa tu, yani laki tatu umeirusha ziwani.

Lakini mtu atakutajaje kama huna cha kutajwa? Hapo ndo kontenti inaingia, yani kile ulichokiandika kwenye tovuti yako. Februari 2011, kabla ya Penguin, kulikuja mabadiliko mengine ya Google yanayoitwa Panda, ikashusha tovuti zilizojaa maneno mepesi na ya kunakili, Google walisema iligusa kama asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani. Na siku hizi wenyewe wanasema uzito wa linki umepungua kuliko zamani, wanapima vitu vingi, ikiwemo kama aliyeandika kakifanya kweli hicho anachokiandika.

Tovuti ya yule kaka ilikuwa imeandikwa "tunauza dagaa bora kwa bei nafuu, karibuni wote". Basi. Nikamuuliza, kwa nini bei inapanda kila mbalamwezi? Akacheka, akaniambia dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua. Nikamuuliza na mchanga je? Akaeleza dagaa wa kuanikwa chini na wa kuanikwa kwenye chanja, jinsi ya kuwatofautisha ukiwashika, na msimu wa mvua wanavyoharibika mpaka wanaenda kuwa chakula cha kuku. Aisee nilimwambia hayo ndo uandike! Mama ntilie wa Dodoma anayapenda, mwanafunzi wa mambo ya uvuvi anayahitaji, anayeandika mapishi ataweka linki bila kulipwa maana anataka wasomaji wake wasile mchanga. Na kwa Kiswahili yaliyoandikwa vizuri hivyo bado ni machache, nafasi iko wazi.

Jingine, pitia ulichokiandika zamani. Peji yake ya usafirishaji ilikuwa bado inasema mzigo wa Geita unasubiri feri pale Kigongo, wakati daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025. Mteja akisoma hivyo anatoka, na hakuna atakayemtumia mwenzake linki ya habari iliyopitwa.

Usitegemee wiki mbili, inachukua miezi. Fungua Google Search Console, ni bure, utaona nani kakuwekea linki na watu wanaandika maneno gani mpaka wanakufikia. Yeye alivyofungua, maneno ya juu kabisa yalikuwa "dagaa wasio na mchanga", na kwenye tovuti yake nzima neno mchanga halikuwepo hata mara moja. Jumamosi hii anapiga picha za chanja.