Jina la mti halitoshi: dhana potofu kuhusu kemia ya miti

Dhana: Ukijua jina la mti, umejua kilichomo ndani yake.

Kosa hili limewapotezea watu miaka mingi ya jasho. Katikati ya karne ya 19, Waholanzi walipanda miti ya kwinini, ile ambayo gome lake hutoa dawa ya malaria, zaidi ya milioni moja kisiwani Java. Walipoyapima magome, wakakuta kwinini iliyomo ni haba mno. Ilikuwa miti ya kwinini kwa jina na kwa sura, lakini dawa yenyewe haikuwemo ya kutosha.

Mwaka 1865, Manuel Incra Mamani wa Bolivia, mtu aliyeijua miti hiyo kwa undani, alimpelekea mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger mbegu za miti aliyoichagua mwenyewe. Waholanzi walinunua sehemu ndogo tu ya mbegu hizo. Miti ilipokua, baadhi ya magome yalikuwa na kwinini zaidi ya asilimia 10. Wakapima mti mmoja mmoja, wakaizalisha ile iliyo bora, na baadaye Java ikalishika soko la kwinini la dunia. Mamani alikamatwa, akapigwa, akafariki. Inaniuma kwamba miti ile ikapewa jina la Ledger, ilhali jicho lililoichagua lilikuwa la Mamani.

Mkafuri nao una funzo hilohilo. Kuna mikafuri inayotoa kafuri kwa wingi, na kuna mingine ya spishi ileile ambayo mafuta ya majani yake yamejaa linalooli, yenye harufu ya maua. Kwa macho huwezi kuitofautisha. Fikicha jani unuse, au lipeleke maabara. Tofauti hiyo imo kwenye jeni.

Dhana: Basi jeni ndizo zinazoamua kila kitu.

Hapa ndipo wengi wanapotoka kosa moja na kuingia la pili. Chukua mipopla, miti ya nchi za baridi. Majani yake yana kinga za aina mbili dhidi ya wadudu: tanini, ile inayokausha mdomo kama chai ya rangi, na kemikali chungu za jamii ya salisini. Kiasi cha salisini hutegemea zaidi mti umerithi nini. Tanini hubadilika sana kufuatana na udongo na mwanga. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Ni jeni au ni mazingira?", inabidi naye aulizwe kwanza: kemikali ipi?

Hata hapo jibu halijakamilika, kwa sababu jeni ndizo zinazopanga mti utayaitikiaje mazingira yake. Ipande mipopla miwili ya koo tofauti kwenye udongo hafifu: mmoja unaweza kuongeza tanini maradufu, mwenzake ukaongeza kidogo tu. Tofauti ya namna hiyo huwezi kuigawa, ukasema sehemu hii ni ya ardhi na ile ni ya ukoo.

Dhana: Mti ulioshiba mbolea ndio wenye dawa kali zaidi.

Mara nyingi ni kinyume chake, angalau kwa tanini. Naitrojeni ikipungua ardhini, mti hupunguza kukua, lakini majani yanaendelea kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Kaboni inabaki bila kazi ya ujenzi, na sehemu yake huishia kwenye tanini. Ukiweka mbolea, kaboni ile inarudi kwenye majani mapya na shina. Lakini kanuni hii usiibebe kila mahali. Kwinini yenyewe ina naitrojeni ndani yake, na kemikali za aina hiyo si lazima zifuate njia ya tanini.

Dhana: Miche iliyokatwa kwenye mti mmoja haiwezi kutofautiana.

Jeni zake ni zilezile, ndiyo. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichukua vipandikizi vya mipopla pacha vilivyokuzwa vitalu tofauti, wakavipanda pamoja na kuvinyima maji. Baadhi ya pacha hao walitofautiana katika jeni walizoziamsha kukabili ukame, kulingana na kitalu walikotoka. Mti unabeba alama za mahali ulipolelewa.

Dhana: Mbao ya mti mmoja ni sawa kila upande.

La. Msonobari ulioinama hujaza lignini, kemikali inayoipa mbao ugumu, zaidi upande wa chini ili ujisukume kusimama.

Dhana: Harufu ya udi imo mtini tangu unapochipua.

Mbao ya mti wa udi wenye afya ni nyeupe-nyeupe, haina ile harufu. Mti ukijeruhiwa na kuvu wakaingia, ndipo unapotengeneza utomvu mzito unaoigeuza mbao kuwa nyeusi na kuipa manukato. Jeraha lilelile kwenye mti usio wa jamii ya udi halitoi udi. Wakulima wa udi hutoboa mashina na kupandikiza kuvu kwa makusudi, na hata hivyo miti iliyopandwa siku moja, bega kwa bega, hutoa udi kwa viwango tofauti kabisa.