Je, wajua kwa nini ndege ya mabawa ya ghorofa bado inajengwa gereji?

Kila ndege ina bawa la kulia na la kushoto, kwa hiyo ukisema "ndege ya mabawa mawili" hujasema kitu. Ninayoizungumzia hapa ni ile yenye mabawa ya ghorofa: jozi moja juu, jozi nyingine chini, na katikati vijiti na waya. Wengi tumeiona kwenye picha za Vita Kuu ya Kwanza tukadhani imeishia makumbusho. Haikuishia huko. Marekani na Uingereza kuna watu wanaoijenga hadi leo kwenye gereji za nyumbani, tena ya kiti kimoja tu, na wakimaliza wanairusha wenyewe. Sasa mtu anayejijengea ndege, mwenye uhuru wa kuchagua umbo lolote, kwa nini achague umbo la enzi za mababu?

Jibu linaanzia kwenye madaraja. Octave Chanute alikuwa mhandisi wa reli na madaraja nchini Marekani. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 64, yeye na wenzake walijaribu ndege zisizo na injini kwenye vilima vya mchanga kando ya Ziwa Michigan. Iliyofanya vizuri zaidi aliifunga kama alivyozoea kufunga daraja: nguzo za wima kati ya bawa la juu na la chini, na waya zinazokatiza pembe kwa pembe. Ndugu Wright walifuata mfungo huohuo, na ndege yao ya 1903 ikaruka.

Ukitaka kuona siri yake, shika rula ya plastiki kwenye ncha moja kisha bonyeza ncha ya pili. Inapinda. Chukua rula mbili, ziache nafasi kati yake, ziunganishe kwa vijiti na nyuzi zilizokazwa kwa mshazari. Ubonyeze tena, utaona ugumu wake. Fundi yeyote aliyewahi kupiga kenchi za paa anaijua kanuni hii: mbao nyembamba, zikipangwa pembetatu pembetatu, hubeba mzigo ambao ungevunja kila moja ikiwa peke yake.

Kuna na hesabu ya urefu. Ukiligawa eneo lilelile la bawa katika ghorofa mbili, kila bawa hubeba nusu ya mzigo kwenye nusu ya urefu. Nguvu inayotaka kulivunja shinani hubaki kama robo tu. Kwa mjenzi asiye na kiwanda, hiyo ni nafuu kubwa, maana anaweza kutumia mbao, kitambaa na mabomba membamba ya chuma, vitu vinavyofanyika kwa randa, msasa na mashine ya kuchomelea.

Mfano bora ni Pitts Special, ndege ndogo ya ghorofa ya kiti kimoja. Curtis Pitts, fundi aliyefanya kazi Florida, alirusha ya kwanza mnamo miaka ya 1940 ikiwa na injini ya nguvu za farasi 55 tu. Ya pili, iliyojengwa 1946, ilinunuliwa na rubani Betty Skelton. Akaibandika jina Little Stinker, na kwayo akatwaa ubingwa wa wanawake wa michezo ya angani Marekani mwaka 1949 na 1950. Mabawa ya ndege hiyo yana upana wa takriban mita 5 kutoka ncha hadi ncha. Mabawa mafupi hivyo hayana uzito mwingi wa kuzungusha mbali na kiwiliwili, kwa hiyo ukigusa fimbo ya usukani ndege imeshapinduka. Baadaye Pitts alianza kuuza ramani za kuijengea kwa watu wa kawaida, na mwaka 1972, kwenye mashindano ya dunia ya michezo hiyo ya angani yaliyofanyika Ufaransa, timu ya Marekani ilishinda ikirusha Pitts.

Ujenzi wenyewe huchukua miaka. Injini hununuliwa. Kiunzi cha kiwiliwili huchomelewa kwa mabomba. Mbavu za mabawa hutengenezwa moja moja kwenye kalibu ya mbao, vijiti vyembamba vikigandishwa kwa gundi na vipande vya plaiwudi, kisha hupangwa kwenye boriti ndefu ya mbao ambayo nyuzi zake za asili zimenyooka. Boriti hiyo fundi huikagua kama mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu nyuzi zikikimbilia pembeni ndipo itakapopasukia.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuwamba. Kitambaa cha poliesta hubandikwa juu ya mbavu kikiwa kimelegea, kama shuka lisilonyooshwa. Halafu fundi huchukua pasi. Pasi ya nguo, ila iliyopimwa kwa kipimajoto, maana kitambaa hiki hujikaza kadiri joto linavyopanda hadi kama digrii 177, na likizidi sana hapo hulegea na hakirudi tena. Pasi ikipita, mikunjo inayeyuka mbele ya macho, na ukigonga kwa kidole unasikia ngoma. Kisha sindano ndefu hupitishwa kutoka juu ya bawa hadi chini, fundo baada ya fundo, kila ubavu, ili upepo usikinyanyue kitambaa. Juu yake hupakwa rangi yenye unga wa alumini wa kuzuia jua. Wengine huwasha taa ndani ya bawa gizani: penye mwanga unaopenya, rangi bado haijatosha.

Gharama ya umbo hili ni upepo. Bawa la juu na la chini hubughudhiana hewa, na kila waya inayokata anga huvuta ndege nyuma. Ndiyo maana waya za Pitts ni bapa, zenye umbo la jani, na zinapokatizana hufungwa kwenye kijiti ili zisitetemeke. Injini ikizimika, ndege hii hushuka haraka mno, na rubani hana muda wa kuchagua shamba zuri.

Na hapa kiti kimoja kinakuwa jambo zito: hakuna pa kukaa mwalimu. Mjenzi hujifunza kwenye ndege nyingine ya viti viwili yenye tabia zinazokaribiana, lakini siku ya kwanza ya ndege yake ni yeye peke yake. Sheria ya Marekani inadai zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha, na baada ya ukaguzi ndege hufanyiwa majaribio, kwa kawaida saa 40, ndani ya eneo maalumu.

Ikiwa chini imekaa kwa mkia, pua imeelekea juu, na rubani haoni mbele. Hutembea kwa kupinda kulia na kushoto akichungulia pembeni. Akiongeza nguvu ya injini, pua inavutwa kushoto na mguu wa kulia lazima ujibu kwa kukanyaga pedali ya usukani wa mkia. Kutua ndiko kugumu zaidi. Uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo ndege ikianza kupinda, mkia unataka kutangulia, na miguu haipumziki hadi isimame kabisa.

Ikisimama baada ya safari ile ya kwanza, hairudishwi angani papo hapo. Kifuniko cha injini hufunguliwa kutafutwa mafuta yanayovuja, na waya hukaguliwa moja baada ya nyingine, kwa sababu ndege mpya hujinyoosha na waya iliyokazwa vizuri asubuhi huenda imelegea.