Kupima usemi kwa mbali: mtu anaeleweka kiasi gani?

Kuna watu wanajua kabisa wanachotaka kusema, maneno yapo kichwani yamejipanga, shida ni misuli ya mdomo, ulimi, koo na pumzi haifuati amri. Hii ndo disathria, inaletwa na vitu kama kiharusi, Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), mtindio wa ubongo au ajali ya kichwa. Sasa mtaalamu wa tiba ya usemi haishii kuangalia matamshi, anataka kujua msikilizaji kashika maneno mangapi. Mgonjwa anasoma sentensi, mtu baki anasikiliza na kuandika alichosikia, wanahesabu: yakisomwa maneno 100 yakaandikwa sawa 62, ni asilimia 62. Lazima awe mtu baki manake mke au mtoto ashamzoea, anaelewa hata pale wengine wanapotoka kapa. Na sentensi zinabadilishwa, msikilizaji akishazijua anakisia tu.

Kwa mbali maana yake unafanya hayo kwa vidio koli, au mgonjwa anajirekodi na simu anatuma faili. Kwa mtu ambaye kutembea kwenyewe ni kazi, hii ni nafuu kubwa. Ila programu za vidio zimetengenezwa ili maongezi yaende, sio kupima mtu. Sauti ikiwa ndogo zinaipandisha zenyewe, sasa yule wa Parkinson ambaye tatizo lake kubwa ni sauti kufifia anasikika freshi tu, ugonjwa umefichwa. Halafu zinakata kelele, na sauti ya mikwaruzo na pumzipumzi inaweza kuhesabiwa kelele nayo ikakatwa, hapo mgonjwa anaonewa. Simu ya kawaida ndo usiseme, laini ya zamani inapitisha kama hezi 300 hadi 3,400 (hezi ni kipimo cha sauti, namba ikipanda sauti ni nyembamba zaidi) na nguvu nyingi ya s na f iko juu ya hapo, kwa hiyo "saa" na "faa" zinakuwa pacha hata kwa mtu mzima wa afya.

Ndo maana mi naona alama ya kliniki na ya nyumbani kuziweka kwenye grafu moja ni kujidanganya. Bora kurekodi kwenye kifaa chenyewe kabla sauti haijapita intaneti, mipangilio ya kukata kelele imezimwa, maiki umbali uleule kutoka mdomoni, simu ileile kila mara. Na uamue mapema kama msikilizaji ataona uso au atasikia tu, manake midomo nayo inaongea, alama inaweza kupanda wakati usemi haujabadilika hata kidogo.