Dawa anameza, mbona miguu imevimba tena? Maswali kuhusu kujitunza kwa mwenye tatizo la moyo

Wakisema moyo umeshindwa kufanya kazi, ndiyo umesimama?

Hapana. Unapiga, ila hausukumi damu kwa nguvu inayotosha. Maji yanabaki mwilini, miguu inavimba, pumzi inabana ukilala chali, na kazi ndogo inakuchosha. Chanzo kikubwa huku kwetu ni presha iliyokaa miaka bila kutibiwa.

Mama aliruhusiwa hospitali akiwa mzima kabisa. Tumerudi naye Tanga, dawa anameza, na bado kavimba. Tumekosea wapi?

Mimi naanzia jikoni. Mgonjwa kaambiwa "punguza chumvi", lakini anayepika ni mkwe, na mkwe hakuwepo daktari alipokuwa akizungumza. Halafu nyumba nyingi huona chumvi ni ile ya kwenye kopo tu. Kipande cha papa au ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwenye mchuzi wa nazi, kidonge cha kiungo, achari pembeni: mama hajagusa kopo na tayari kala chumvi ya kutosha. Kuroweka ng'onda na kumwaga maji kunapunguza, hakumalizi. Shirika la Afya Duniani linataka hata mtu mzima asiye na ugonjwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyojificha kwenye vyakula. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinasaidia sana kuficha pengo. Kumpikia mgonjwa sufuria yake peke yake huwa hakudumu. Ni afadhali nyumba nzima ipunguze. Na siku ya kliniki, anayepika aende naye.

Siku ya safari hamezi Lasix, ile dawa ya kutoa maji mwilini, anaogopa kukojoa njiani.

Ana haki ya kuogopa. Basi la Lushoto halisimami kila mtu anapobanwa, na mtu mzima kuomba dereva asimame ni fedheha. Shida ni kwamba anaficha, daktari anaona uvimbe na kuongeza dozi. Aseme. Dawa hii hukojoza zaidi katika saa chache za mwanzo, kwa hiyo mara nyingi daktari anaweza kumpangia saa nyingine ya kumeza siku hiyo. Kuiacha kabisa ndiyo hatari. Mwezi wa Ramadhani pia azungumze na daktari mapema, kabla mwezi haujaandama.

Fedha ikipungua, tunampa nusu kidonge ili zifike mwisho wa mwezi.

Wengi wanafanya hivyo na hawasemi, kwa aibu. Mwambieni daktari waziwazi kwamba hamzimudu zote. Anaweza kutafuta ya bei nafuu yenye kazi ileile. Kuna fedha nyingine inayopotea vibaya: dawa za maumivu ya magoti kutoka duka la dawa, diklofenaki na ibuprofeni. Zinabakisha chumvi na maji mwilini na kuharibu kazi ya vidonge mlivyonunua kwa taabu.

Angalieni na moyo wa pili, ule wa huzuni. Mgonjwa aliyekata tamaa, au anayeshinda peke yake, husahau dawa, hali vizuri, hatembei. Huyo hasaidiwi kwa kufokewa.

Madafu je?

Yana potasiamu nyingi. Anayetumia spironolakitoni au enalaprili, dawa za moyo ambazo nazo hubakisha potasiamu mwilini, asinywe kila siku bila kuuliza. Ikizidi, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Tutajuaje hali inageuka?

Apimwe uzito kila asubuhi, ameshakojoa, hajanywa chai, nguo nyepesi zilezile. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, apelekwe kliniki. Hamna mizani? Bonyeza juu ya mfupa wa muundi kwa kidole gumba. Shimo likibaki, maji yapo. Tazama pia kama kandambili zinabana, na amelalia mito mingapi. Akikosa pumzi hali amekaa, akizimia, akibanwa kifua au akitoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, msisubiri kupambazuke: Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku huohuo, na mfuko wa dawa zake zote mkononi.