Je, wajua kwa nini tiketi za Sunrise, waandaaji wa mikesha ya dansi huko Uingereza, hazikutaja mahali pa dansi?

Mwaka 1989, kijana wa London aliyenunua tiketi ya Sunrise alipewa tarehe na namba ya simu. Mahali penyewe hapakuandikwa popote, maana kama angepajua mapema, polisi nao wangepajua.

Mwenye Sunrise alikuwa Tony Colston-Hayter, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyewahi kuchuma pesa kwenye kamari ya karata. Alianza kuandaa mikesha mwaka 1988, wakati acid house, muziki uliotoka Chicago, ulikuwa umeshawateka vijana wa Uingereza. Kikwazo kilikuwa saa. Baa zilifungwa saa tano usiku, na klabu nyingi za London zilizima muziki kama saa tisa, wakati watu ndio kwanza wamechangamka. Colston-Hayter akatafuta nafasi nje ya jiji: viwanja vya ndege, mashamba, mabanda ya farasi. Ili kukwepa masharti ya leseni za burudani, Sunrise ilijitambulisha kama klabu ya wanachama, na mkesha ukahesabiwa kuwa sherehe ya faragha.

Lakini utawafikishaje maelfu ya watu mahali ambapo hujawaambia? Jibu lilikuwa mitambo ya simu. Kampuni ya British Telecom ilikuwa na huduma ya ujumbe uliorekodiwa, ambao watu wengi waliweza kuusikiliza kwa wakati mmoja. Mwandaaji akiwa na simu yake ya mkononi, kubwa kama tofali enzi hizo, aliweza kuubadilisha ujumbe huo usiku uleule. Kwanza waliopiga waliambiwa waelekee upande fulani wa M25, barabara ya kilomita 188 inayoizunguka London, iliyokamilika mwaka 1986. Wakajazana kwenye vituo vya mafuta kama South Mimms, wamepanga foleni kwenye vibanda vya simu, sarafu mkononi. Ujumbe ukibadilika, aliyeshika simu alitangaza njia ya kutokea kwenye M25, milango ya magari ikafungwa, msafara ukaondoka.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo Sunrise iliwazidi wengine: iliuelewa mwendo wa umati. Polisi walipofika, mara nyingi maelfu walikuwa wameshaingia, na kuwatawanya gizani kulionekana kuwa hatari kuliko kuwaacha wacheze.

Tarehe 24 Juni 1989 watu wapatao 11,000 walikesha kwenye kiwanja cha ndege cha White Waltham, Berkshire. Gazeti la The Sun likatoka na kichwa kikubwa kuhusu kiwanja cha ndege cha ecstasy, dawa ya kulevya ya vidonge, na kudai kuwa vipande vya karatasi za kung'aa vilivyotapakaa sakafuni ni vifungashio vya vidonge. Vilikuwa mapambo tu. Ni kweli dawa hizo zilitumika kwenye mikesha, na si jambo la kufumbia macho, lakini habari ile iliwafanya wasomaji waone kila mchezaji kuwa mhalifu. Agosti mwaka huohuo, mkesha mwingine wa Sunrise huko Longwick, Buckinghamshire, ulivuta umati mkubwa zaidi.

Polisi nao wakabadilika. Huko Kent, afisa wa polisi Ken Tappenden aliongoza kikosi maalumu kilichofuatilia vipeperushi, redio zisizo na leseni na namba zilezile za simu. Bungeni, mbunge Graham Bright akapeleka muswada wa kuongeza adhabu. Januari 1990 Colston-Hayter na wenzake waliitisha maandamano katika uwanja wa Trafalgar kudai uhuru wa kucheza hadi asubuhi, lakini sheria ilipita mwaka huohuo. Faini kwa mkesha usio na leseni, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa pauni 2,000, ikapanda hadi pauni 20,000, pamoja na uwezekano wa kifungo cha miezi sita. Kwa faini ya zamani, mwandaaji angeweza kulipa na bado akabaki na faida. Kwa hii mpya, usiku mmoja ulitosha kumfilisi, na wengi wakaanza kuomba leseni kwenye halmashauri, wakichapisha anwani kamili juu ya tiketi.