Kadi Nyekundu Haitolewi kwa Maumivu

Kusini mpira tunaupenda na tunaujua. Mtwara iliipeleka Ndanda Ligi Kuu mwaka 2014, na Lindi ina Namungo ya Ruangwa, iliyofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Lakini ikija kwenye viwiko, mateke ya kuvizia na wachezaji wanaojiangusha, kuanzia jukwaa la uwanja wa Nangwanda Sijaona mpaka vibanda umiza vya Mikindani tunakotazamia mechi, tunabishana kwa sheria ambayo haijaandikwa popote. Ubishi huo unaniuma kwa sababu unamnufaisha mwongo na kumwacha aliyepigwa kweli bila mtetezi.

"Hajamgusa, kadi ya nini?"

Sheria ya 12 ya mpira wa miguu haisubiri mtu aguswe. Ukitumia, au ukijaribu kutumia, nguvu kupita kiasi dhidi ya mtu wakati hamgombei mpira, huo ni ukatili, umempata au umemkosa. Ngumi iliyopita hewani ni nyekundu. Na anayelindwa si mpinzani peke yake: ni mwenzako wa timu, kocha, refa, hata shabiki. Kwa kichwa na uso sheria imeweka mkazo wa pekee. Ukimpiga mtu makusudi sehemu hizo kwa kiganja au mkono wakati hamgombei mpira, unatoka, isipokuwa nguvu uliyotumia ni ndogo mno.

Hayo maneno "ndogo mno" yaweke akilini, kwa sababu nusu ya malalamiko yetu yamelala humo.

"Kama kaumizwa, mbona hakuanguka?"

Hii ndiyo dhana inayofanya madhara kuliko zote, na hata waamuzi wengine wanaiishi bila kuitamka. Nimewahi kuangalia mechi ya ndondo, mpira wa mashindano ya mtaani, huko Nachingwea ambapo winga mmoja alipigwa kiwiko shingoni akiwa anakimbilia nafasi. Aliyumba, akashika kisogo, akaendelea kukimbia. Refa akapeta, yaani akaacha mchezo uendelee, na jukwaa halikusema kitu. Kipindi cha pili winga yuleyule aliguswa begani karibu na boksi, mguso wa kawaida kabisa, akajitupa chini na kugeuka mara mbili. Kipenga kikalia, adhabu ndogo ikatolewa, na kocha wake akampigia makofi kutoka kwenye benchi. Kijana yule alikuwa hajazidi miaka kumi na minane. Ndani ya mchezo mmoja alifundishwa kwamba ukisimama hupati kitu, ukianguka unapewa.

Ukweli ni kwamba refa anahukumu kitendo. Sheria inauliza kama mchezaji alikuwa mzembe, na hapo ni faulo bila kadi. Au hakujali hatari kwa mwenzake, hapo ni njano. Au alitumia nguvu kupita kiasi, hapo ni nyekundu. Hakuna mahali inapouliza aliyechezewa alilia kiasi gani, alibingirika mara ngapi au machela iliingia. Na maumivu nayo si kipimo cha uhakika. Mwaka 1982, nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Sevilla, kipa wa Ujerumani Magharibi Harald Schumacher alimvaa Mfaransa Patrick Battiston kwa mwili mzima hewani. Battiston alipoteza fahamu, akapoteza na meno. Refa hakutoa kadi wala faulo, mchezo ukaanza kwa mpira wa goli. Kama maumivu yangekuwa yanatoa kadi, ile ingekuwa nyekundu kuliko zote.

"Ama kapigwa, ama anaigiza"

Kwa nini tuchague? Mtu anaweza kusukumwa kifuani kweli, kisha akajishika uso kwa uongo. Hayo ni makosa mawili ya watu wawili, na sheria inaruhusu yote mawili yaadhibiwe: aliyesukuma kwa uzito wa alichofanya, aliyejifanya kaumia usoni kwa njano ya utovu wa uanamichezo. Juni 2002, kwenye Kombe la Dunia, Brazil ikicheza na Uturuki, Mturuki Hakan Ünsal alimpigia mpira Mbrazili Rivaldo aliyekuwa akienda kupiga kona. Mpira ulimpata mguuni, yeye akaanguka ameshika uso. Ünsal alipewa njano ya pili akatoka, na Rivaldo akamaliza mechi bila adhabu yoyote kwa uigizaji ule. FIFA ilimtoza faini baadaye. Ünsal alistahili kuadhibiwa kwa kumpigia mtu mpira kwa hasira. Lakini na Rivaldo pia, palepale uwanjani.

Waamuzi hawapendi kutoa kadi mbili kwa tukio moja kwa sababu inaonekana kama wanasitasita. Ningetamani wafanye hivyo mara nyingi zaidi. Mwigizaji anacheza kamari nyepesi mno: akifanikiwa anapata penalti au mpinzani anatolewa, akishindwa mara nyingi anaambiwa tu ainuke.

"Kaguswa, ni faulo" na "hakuguswa, kajirusha"

Zote mbili si kweli. Kugusana kupo ndani ya mpira, na mguso peke yake si madhambi. Upande wa pili, mchezaji anayeruka kukwepa ngwara akaanguka hajamdanganya mtu. Kajiokoa mguu, na kumpa njano ni kumwadhibu kwa kuogopa kuvunjika.

"Kacheza mpira kwanza"

Kuugusa mpira hakufuti kinachofuata. Ukiingia kwa nguvu inayohatarisha usalama wa mwenzako, ni nyekundu hata kama mpira uliupata. "Hakukusudia" nayo haisaidii, maana kwa rafu mbaya ya kugombea mpira sheria haidai ushahidi wa nia.

"Mpira ulikuwa kule, basi hakuna penalti"

Ipo. Mpira ukiwa mchezoni na beki akampiga mpinzani ndani ya boksi lake mwenyewe, ni penalti na nyekundu, hata kama mpira uko kwenye boksi la upande wa pili. Kama mpira umeshatoka nje, kadi inatolewa na mchezo unaanza kama ulivyostahili kuanza. Kuhusu kupeta, sheria inamtaka refa asipete kwenye ukatili ila kama kuna nafasi ya wazi ya kufunga.

"Refa kanunuliwa"

Rushwa kwenye mpira ipo duniani, na ikithibitishwa mtu afungiwe. Lakini tukimaliza kila tofauti ya kadi kwa neno hilo, hatuoni sababu halisi, na sababu halisi ndizo zinazoweza kurekebishwa.

Ya kwanza ni maneno ya sheria yenyewe. "Kupita kiasi" kwa refa huyu si "kupita kiasi" kwa yule, na wote wawili wanaweza kuwa waaminifu. Ya pili ni pembe ya kuona. Fainali ya Kombe la Dunia 2010, Mholanzi Nigel de Jong alimkita Mhispania Xabi Alonso kifuani kwa njumu, na refa Howard Webb akatoa njano. Webb alisema baadaye kwamba hakuona vizuri na kwamba ilistahili nyekundu. Fainali ya Kombe la Dunia 2006, dakika ya 110, refa Horacio Elizondo hakukiona kichwa cha Mfaransa Zinedine Zidane kwenye kifua cha Mwitaliano Marco Materazzi. Aliyekiona ni mwamuzi wa akiba, Luis Medina Cantalejo, akamwambia kwa kifaa cha masikioni. Sasa fikiria refa wa ndondo Newala au Kilwa, hana kifaa, hana mwamuzi wa akiba, na mshika kibendera anaufuata mpira kwa ajili ya kuotea. Kiwiko kilichopigwa nyuma ya mgongo wake atakihukumu kwa kitu gani? Anageuka, anaona mtu kalala, anakisia. Hapo ndipo mwigizaji anapofanyia biashara yake.

"VAR ingemaliza haya yote"

VAR, yaani waamuzi wanaomsaidia refa kwa video, inasaidia, hasa kwenye ukatili. Makosa mengi hayaangaliwi tena mchezo ukishaanza upya, lakini kupiga, kutema mate na kung'ata refa anaweza kuyarudia hata baada ya hapo. Mtu anayevizia kamera zitazame kwingine hana pa kujificha.

Ila usawa haiuleti kwa njia tunayoidhani. VAR haiombwi kuamua upya tukio. Inaingilia pale refa alipofanya kosa la wazi au alipopitwa na tukio kubwa. Chukua kiwiko cha katikati, kile ambacho mmoja angetoa njano na mwingine nyekundu. Jumamosi refa anatoa njano, VAR inasema si kosa la wazi, inabaki njano. Jumapili refa mwingine anatoa nyekundu kwa kiwiko kilekile, VAR inasema hivyohivyo, inabaki nyekundu. Sisi kwenye kibanda umiza tunapiga kelele za upendeleo, kumbe utaratibu umefuatwa mara zote mbili.

Kuna na picha za taratibu. Maelekezo ya VAR yanataka zitumike kwa mambo kama mguso umetokea wapi. Nguvu ya tukio inapimwa kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu ukipunguza mwendo kila mguso unaonekana wa makusudi. Televisheni haibanwi na maelekezo hayo. Inaturudishia kiwiko kwa mwendo wa kinyonga mara tano, kisha tunashangaa refa hakuona tulichoona.

"Kipenga cha mwisho kikilia, yamekwisha"

Matokeo hayabadiliki kwa sababu ya kadi iliyokosewa, hilo kweli. Lakini mchezaji mwenyewe anaweza kufuatwa. Luis Suárez wa Uruguay alimng'ata Mwitaliano Giorgio Chiellini kwenye Kombe la Dunia la 2014, refa hakuona, na FIFA ikamfungia mechi tisa za timu ya taifa na miezi minne nje ya shughuli zote za mpira. Kipa wa Chile Roberto Rojas alijikata kwa wembe mwaka 1989 pale Maracanã akisingizia fataki iliyorushwa na mashabiki. Alifungiwa maisha, kifungo kilichoondolewa mwaka 2001, na Chile ikazuiwa kuwania Kombe la Dunia la 1994. Uingereza, msimu wa 2017/18, ilianza kumfungia mechi mbili mchezaji aliyefanikiwa kumdanganya refa akapata penalti au akamtoa mtu kwa nyekundu. Oumar Niasse wa Everton ndiye wa kwanza wa Ligi Kuu yao kukumbwa, Novemba 2017.

Si kazi rahisi. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, ilimfungia Eduardo wa Arsenal mechi mbili mwaka 2009 kwa kujiangusha mbele ya Celtic, ikashindwa kwenye rufaa. Kwa hiyo ushahidi lazima uwe wa wazi.

Kwetu, Kamati ya Saa 72 hupitia ripoti za mechi za ligi, na imeshafungia wachezaji na waamuzi. Kwenye ndondo za Masasi, Tandahimba au Lindi mjini hakuna kinachozuia kamati ya mashindano kuandika kwenye kanuni zake, kabla mechi ya kwanza haijachezwa, kwamba video ya wazi itapokelewa ndani ya siku mbili, na kwamba adhabu ni kwa aliyepiga kiwiko na kwa aliyejishika uso bila kuguswa uso. Simu za kurekodi zimejaa pembeni ya kila uwanja.