Kusoma ng'ambo wakati wa janga: ninavyoamua nani aende

Kazi yangu ni kupitia maombi ya wanafunzi wa chuo wanaotaka kwenda kusoma nje ya nchi. Janga likiwapo, wazazi karibu wote huanza na swali moja: huko ugonjwa umeenea kiasi gani? Wana haki ya kuuliza, ila mimi siamui kwa hilo. Takwimu za maambukizi hubadilika kila wiki, na mwanafunzi anakwenda kukaa miezi. Mimi nauliza: mipaka ikifungwa, au akiugua, atalala wapi, atatibiwa na nani, na gharama ni za nani?

Wakati wa UVIKO-19 mipaka ilifungwa ghafla mno. Jiji la Wuhan, China, lilifungwa tarehe 23 Januari 2020 na halikufunguliwa hadi Aprili 8, huku wanafunzi wa kigeni, wakiwemo Waafrika wengi, wakiwa wamekwama mabwenini. Australia ilifunga mipaka Machi 2020, na wanafunzi wa kigeni waliokuwa nje, wengi wao wakiwa na viza halali, wakasubiri hadi Desemba 2021 ndipo mlango ukafunguliwa kwa waliochanjwa. Kwa hiyo kukwama kuko kwa namna mbili: kushindwa kurudi nyumbani, na kushindwa kurudi chuoni baada ya likizo. Hiyo ya pili watu huisahau.

Hati ya bima huwa naanza kuisoma kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Bima nyingi za safari hazilipi hasara ya tukio lililokuwa likijulikana siku ulipoikata, na nyingine hazilipi ukienda mahali ambapo serikali yako imeshauri watu wasiende. Mwanafunzi anaweza kuwa na karatasi nzuri yenye mhuri, na bado akajilipia hospitali mwenyewe.

Kisha nauliza kuhusu chumba. Chuo mwenyeji kikiniandikia kwamba kina utaratibu wa karantini, huwa siridhiki. Nataka kujua kama kuna chumba chenye choo chake, nani anapeleka chakula mlangoni, na namba ipi inapokelewa saa nane usiku mgonjwa akianza kubanwa na pumzi. Chuo kisichoweza kujibu hayo, simpeleki mtoto wa mtu.

Viza nayo ina mitego yake. Julai 2020 Marekani ilitangaza kwamba wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao yote yamehamia mtandaoni hawataruhusiwa kubaki nchini. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani, na agizo likaondolewa baada ya siku chache. Fikiria hizo siku chache kwa kijana aliye peke yake ugenini.

Kwa anayekwenda muhula mmoja tu, katika mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, jibu langu karibu kila mara ni kuahirisha. Muhula huo utapatikana tena. Kwa mwenye ufadhili unaopotea asipoanza mwaka huu, au ambaye utafiti wake unahitaji maabara isiyopatikana kwao, naelekea kumruhusu, mradi bima na chumba vimethibitishwa. Na kabla hajapanda ndege tunaandikiana: ni dalili gani zikitokea atarudi mara moja, tiketi italipwa na nani, na je, muhula aliouacha katikati utahesabiwa au ataurudia.